Kwa nini tenki la maji ya chumvi linawashinda wengi wanaoanza

Ukimuuliza mtu aliyewahi kuweka tenki la samaki la maji ya chumvi akaliacha atakwambia ni kazi ngumu, ila ukimbana aseme ugumu upo wapi hasa kila mmoja anakupa jibu lake, huyu samaki wake walikufa wiki ya kwanza, yule mwani ulijaa mpaka kioo kikawa hakionyeshi ndani, mwingine samaki walitoka madoa meupe yakaisha yenyewe alafu baadaye wakafa wote, mwingine alifuata kila kitu alichoambiwa dukani na bado. Ukizisikiliza hizo stori vizuri zinafanana kuliko zinavyoonekana. Karibu kila moja kuna kitu kilikuwa kinaenda kwa kalenda yake, bakteria au kimelea au chumvi, na mwenye tenki alikuwa na kalenda ingine kichwani.

Kwa maoni yangu ugumu wote upo hapo. Kemia yenyewe sio ya kutisha, mtu yeyote anayeweza kusoma mizani na kuandika namba kwenye daftari anaiweza. Kinachosumbua ni kwamba ukikosea leo jibu unalipata baada ya wiki mbili, na ukirekebisha leo pia jibu ni baada ya wiki mbili, na hapo katikati mtu anapata wasiwasi anaongeza dawa, anabadilisha maji yote, ananunua kifaa kingine, alafu hajui tena nini kilisababisha nini.

Tuanze na bahari yenyewe. Maji ya bahari sehemu nyingi duniani yana chumvi kama gramu 35 kwa kila kilo ya maji, pH, yani kipimo cha ukali wa asidi, iko kwenye 8.1 hivi, na kwenye miamba ya matumbawe joto linapanda na kushuka taratibu kwa sababu maji ni mengi mno. Samaki wa mtoni ukoo wake umeshapitia kila kitu, mafuriko, kiangazi, tope, kubaki kwenye kidimbwi, aliyeshindwa alishapotea zamani. Wa kwenye mwamba hajawahi kuhitaji huo ugumu. Sasa wewe unamtoa kwenye maji yasiyo na mwisho unamweka kwenye lita mia, na kila kitu ambacho baharini kingepotea tu, kinyesi, chakula kilichobaki, konokono aliyefia nyuma ya jiwe, hapa kinabaki palepale na wote wanakinywa.

Na kukinywa sio msemo. Samaki wa maji baridi, yani yasiyo na chumvi kama ya mtoni, mwili wake una chumvi kuliko maji yanayomzunguka, kwahiyo maji yanamwingia yenyewe kupitia ngozi na matamvua, hana shida ya kunywa, shida yake ni kukojoa. Wa baharini ni kinyume chake, damu yake ina chumvi kama theluthi ya ile iliyopo majini, maji yanamtoka muda wote, lazima anywe, alafu ile chumvi iliyozidi aitoe tena kwa kazi kubwa inayofanyika kwenye matamvua usiku na mchana. Ndo maana chumvi ya tenki ikiruka ghafla, juu au chini, unamwona amejikunja pembeni anapumua haraka hata kama maji kwa macho ni masafi kabisa. Ongeza na hili kwamba maji ya chumvi yanabeba oksijeni pungufu ya maji baridi ya joto lilelile, kama sehemu moja ya tano hivi, kwahiyo hata kupumua kwenyewe hana akiba.

Hapo ndo utaona kwa nini ule ushauri wa "anza na katenki kadogo ujifunze kwanza" unawaumiza watu. Dogo ni rahisi kununua, sio rahisi kuendesha. Chukua tenki la lita 20, lita moja na nusu ikaondoka kwa mvuke, ambayo ni siku chache tu kama tenki lipo wazi na kuna upepo. Maji ndo yameondoka, chumvi yote imebaki, kwahiyo ile 35 imeshakuwa karibu 38. Lita moja na nusu hiyohiyo ikiondoka kwenye tenki la lita 200 hata kipimo hakitikisiki, unabaki kwenye 35 na kidogo. Mtu anayeanza akiniuliza namwambia achukue kubwa kadiri nafasi na mfuko vinavyoruhusu, lita 100 na kuendelea kama inawezekana, ila akumbuke lita moja ni kilo moja na bado hujahesabu mawe, mchanga na kioo, kwahiyo meza ya kawaida haifai.

Na hapo kwenye mvuke kuna kosa moja linafanyika kila siku: mtu anaona maji yamepungua anajazia maji ya chumvi. Yani chumvi iliyobaki ipo, na yeye anaongeza ingine, baada ya mwezi tenki lipo kwenye 40 na hajui imetokea wapi. Kilichoondoka kwa mvuke kinarudishwa kwa maji yasiyo na chumvi kabisa, ya chumvi unayatumia pale tu ulipotoa maji ya chumvi mwenyewe kwa ndoo. Kuna kifaa kina kisensa kinachoona maji yameshuka kinawasha kapampu kadogo kinajaza chenyewe, kwangu mimi hicho ndo kitu cha kwanza cha anasa kununua kabla hata ya taa ya kifahari, kwa sababu kinafanya kila saa kile ambacho wewe ungekifanya ukikumbuka.

Sasa kalenda ya kwanza, ya bakteria. Samaki anatoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua, na chakula kinachooza nacho kinatoa amonia. Kuna kundi la bakteria linaigeuza amonia kuwa nitriti, kundi lingine linaichukua nitriti linaifanya nitrati, na nitrati sio kali kivile, unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hawa bakteria wengi wao wanaishi wamejishika kwenye mawe, mchanga na filta, na wanazaana taratibu sana. Bakteria wengine wanaweza kujigawa kila nusu saa au chini yake, hawa wanahitaji masaa mengi, mara ingine siku nzima. Tenki jipya lina mawe masafi, mchanga mweupe, maji yanang'aa, unatamani kulipiga picha, na huo ndo muda ambao ni hatari kuliko muda mwingine wowote kwa sababu ndani hamna mtu wa kufanya kazi ya kusafisha.

Alafu kuna habari ya pH ambayo anayetoka kwenye maji baridi huwa haijui. Amonia ikiwa majini ipo kwa sura mbili, moja yenye chaji ambayo haipenyi matamvua kirahisi, na moja isiyo na chaji ambayo inapenya na ndo inayoua. Kiasi cha kila moja kinategemea sana pH. Kwenye maji ya pH 7 ile ya kuua haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote, ukipanda mpaka 8.2 kwa joto hilohilo inakuwa kama mara kumi zaidi. Kwahiyo ile rangi ya kijani kidogo kwenye kipimo ambayo guppy wako, wale samaki wadogo wa maji baridi, waliivumilia wakaendelea kuogelea, huku ni msiba. Nitriti nayo ina kituko chake, kwenye maji baridi ni sumu kali, inaingia kupitia matamvua inaharibu damu ishindwe kubeba oksijeni, ila kwenye maji ya chumvi kuna kloraidi nyingi zinazogombania mlango uleule wa kuingilia, kwahiyo makali yake yanapungua sana. Bado unaipima lakini unaipima kujua bakteria wamefika wapi.

Zamani watu walianzisha tenki kwa kutia damseli, samaki wadogo wa mwambani, wawili watatu, kwa kuwa ni wagumu kufa, wakae kwenye amonia kwa niaba ya wenzao watakaokuja. Achilia mbali ukatili, damseli akishakaa peke yake anajua tenki ni lake na kila mgeni utakayemleta anapigwa mpaka mapezi yanachanika, na kumtoa ni mpaka uhamishe mawe yote. Siku hizi hamna sababu. Unatia amonia ya chupa, ile isiyo na sabuni wala manukato, mpaka kipimo kiseme kama miligramu 2 kwa lita, au unatupia kipande cha kamba yule wa kuliwa kioze humo ndani, alafu unapima na kuandika. Utaona amonia imekaa juu, imekaa, imekaa, alafu inaanza kushuka na nitriti inapanda, inakaa juu kwa muda ambao utaona kabisa kipimo kimeharibika, alafu siku moja imeshuka. Wiki 4 mpaka 6 ni kawaida, mara ingine 8. Chupa za bakteria zipo na zingine zinafupisha kweli, ila zinafupisha tu, na iliyopigwa jua njiani inaweza kuwa haina tofauti na maji. Mwisho wa hii hatua unaujua hivi: ukitia tena amonia ya miligramu 2, baada ya masaa 24 amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri. Sio "tenki limekaa mwezi kwahiyo lipo tayari", kipimo ndo kinasema.

Na ukifika hapo bado sio ruhusa ya kuweka samaki sita Jumamosi moja. Idadi ya bakteria inalingana na chakula walichokizoea. Weka mmoja au wawili wadogo, subiri wiki mbili au zaidi, pima, ndo uongeze. Najua inachosha.

Makazi ya hawa bakteria ni mawe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lee Chin Eng wa Indonesia aliwaonyesha wafugaji kwamba ukiweka mawe yaliyotoka baharini na viumbe wake, ukapuliza hewa tu maji yatembee, tenki linaweza kujiendesha bila mitambo ya kusafisha, na toka hapo mawe hai yakawa uti wa mgongo wa hii kazi. Kabla yake kabisa, miaka ya 1840, Anna Thynne wa London alifuga matumbawe nyumbani na maji yake alikuwa akiyatilia hewa kwa kuyamimina toka chombo hiki kwenda kile mbele ya dirisha, kazi ambayo kwa kweli alimpa mfanyakazi wake wa ndani. Siku hizi wengi wanaanza na mawe makavu yaliyokuwa na matundu mengi, ni nafuu na hayaleti wadudu usiowajua, ila yanachelewa kukomaa. Ukipata mawe hai yenye harufu mbaya au ukitaka kuyasafisha usiyachemshe, narudia usiyachemshe, kuna aina za matumbawe laini zenye sumu inaitwa palitoksini ambayo mvuke wake ukiuvuta unalazwa hospitali wewe na wote mliopo ndani ya nyumba. Hata kukata hayo matumbawe watu huvaa glavu na miwani.

Maji yenyewe. Maji ya bomba yana klorini au kloramini, mara nyingi na fosfeti, nitrati, siliketi, saa ingine shaba toka kwenye mabomba, na mwani unavipenda vitu vingi hapo wakati konokono na kamba shaba inawaua. Ndo maana watu wanahangaika na mashine ya RO/DI, inachuja mpaka mita ya TDS, ile inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, inasoma sifuri, alafu ndo unatia chumvi. Chumvi ni ile iliyotengenezwa kwa akwariamu, sio ya mezani, kwa sababu sodiamu na kloraidi ni kama asilimia 85 tu ya chumvi ya baharini na hiyo inayobaki, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu, salfeti na wenzake, ndo inayojenga mifupa ya matumbawe na kuishikilia pH isianguke. Unaanza na maji kwenye ndoo, unawasha pampu na hita, ndo unamimina chumvi kidogokidogo. Ukifanya kinyume, chumvi chini maji juu, kwa dakika kadhaa chini kunakuwa na mchuzi mzito mno, kalsiamu inaganda inakuwa unga mweupe usioyeyuka tena na umeshaharibu ndoo nzima. Ikishakuwa angavu na joto limelingana na la tenki ndo unaitumia, wengi wanaiacha izunguke usiku kucha.

Kupima chumvi ni sehemu ambayo watu wanadanganyika bila kujua. Ile haidromita ya plastiki yenye kamshale kanachopanda ni ya bei ndogo ila viputo vya hewa vikinata kwenye mshale unapanda zaidi na unasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo, inabidi uigongegonge kwa kidole mpaka viputo viachie. Rifraktomita ni bora, unaweka tone moja chini ya kioo unaangalia kwenye mwanga unaona bluu na nyeupe zinakutana kwenye namba, lakini lazima uisawazishe kwa kimiminika maalumu cha 35, maana inaweza kusoma sifuri vizuri kabisa kwenye maji matupu na bado ikakudanganya kule juu unakokuhitaji. Unalenga 35, au kwa lugha ya haidromita 1.025 hadi 1.026, na ukikuta umekosea usirekebishe kwa siku moja.

Vifaa sitakaa sana. Hita ni vizuri ziwe mbili ndogo kuliko moja kubwa, kwa sababu hita inapoharibika mara nyingi inagoma kuzima, na kubwa moja inaweza kupika tenki wakati ndogo moja haiwezi peke yake. Unataka kati ya nyuzi 24 na 27. Pampu za kusukuma maji ni muhimu kuliko watu wanavyodhani kwa sababu oksijeni inaingilia juu, pale uso wa maji unapotikisika. Skima inapuliza viputo vidogo sana, uchafu unanata kwenye viputo unapanda na povu unaangukia kwenye kikombe kama chai ya rangi inayonuka vibaya, na inafanya kazi kwenye maji ya chumvi kwa sababu huko ndo viputo vinakaa vidogo, kwenye maji baridi haifui dafu. Umeme ukikatika kinachoisha kwanza ni oksijeni, joto linafuata baadaye, kwahiyo kapampu ka hewa ka betri kawe karibu. Na nyaya zote ziache zining'inie chini kidogo ya soketi kabla hazijapanda, maji ya chumvi yakitambaa kwenye waya yadondoke sakafuni yasiingie kwenye umeme.

Baada ya hapo kinakuja kipindi ambacho wengi wanakata tamaa, tenki linakuwa baya. Kwanza unga wa kahawia juu ya mchanga na kioo, hizo ni diatomu, aina ya mwani mdogo sana, zinakula siliketi, zinakuja na kuondoka zenyewe. Alafu mwani wa kijani wenye nywele. Alafu saa ingine utando mwekundu wenye viputo, huo sio mwani wa kawaida ni bakteria wa kundi la sayano. Huu ni mpangilio wa wenye nyumba kuhamia mmojammoja, unaweza kuchukua miezi, na unachoweza kufanya ni kupunguza chakula, kupunguza masaa ya taa, kunyonya unaouona kwa bomba na kuleta konokono. Kosa la mwenye haraka hapa ni kutia kemikali za kunyonya fosfeti na nitrati mpaka zote zinasoma sifuri. Anafurahi mwani wa kijani umekufa, alafu nafasi inachukuliwa na dinoflajeleti, kitu cha kahawia kinachovutika kama makamasi chenye viputo kwenye ncha, ambacho kinastawi hasa pale wenzake wamekosa chakula, na baadhi ya aina zake konokono wakila wanakufa. Kukiondoa hicho ni taabu kuliko mwani wote uliotangulia. Nitrati miligramu 5 au 10 kwa lita sio aibu.

Kuchagua samaki. Klaunifishi waliozaliwa kwenye matenki ndo mwanzo mzuri, wanakula chakula cha kawaida, hawahitaji anemoni, yule kiumbe laini wa baharini anayefanana na ua, hata kidogo, na ukiweka wadogo wawili mkubwa atakuwa jike na mwingine atabaki dume, wanazaliwa wote madume na jinsia inabadilika ukubwani. Yule samaki anayeitwa tangi, wa bluu mwenye mkia wa njano, kila mtu anamtaka, dukani ana urefu wa kidole, akikua anakaribia sentimita 30 na anataka kukimbia, kwenye lita mia ni mateso. Samaki anayeitwa mandarini ni mzuri kuliko wote na ndo anayekufa kimyakimya, anakula vidudu vidogo vinavyotambaa kwenye mawe, mchana kutwa anadonoa, na tenki jipya havipo vya kutosha kwahiyo anakonda wiki baada ya wiki huku mwenyewe anasema mbona anakula. Ukimwangalia kwa mbele tumbo limebonyea. Na kila inapowezekana chukua aliyezalishwa, uvuvi wa kutumia sianidi ulianza Ufilipino miaka ya 1960 ukasambaa baadaye mpaka sehemu kama Indonesia, samaki anapigwa sumu alegee akamatwe, anafika dukani anaogelea, anakufa kwako baada ya wiki kadhaa bila ugonjwa unaouona.

Akifika na mfuko, muda mrefu wa kumdondoshea maji ya tenki tone kwa tone ili azoee mara ingine ndo unamuua. Ndani ya mfuko uliofungwa amepumua masaa mengi, kabonidayoksaidi imeshusha pH, na kwa kuwa pH ipo chini ile amonia aliyoitoa imekaa kwenye sura isiyoua. Ukifungua mfuko kabonidayoksaidi inatoka, pH inapanda, na amonia yote inaanza kugeuka sumu humohumo alimo huku wewe unadondosha matone kwa utulivu. Aliyesafiri mbali unauacha mfuko uelee juu ya maji joto lilingane, unapima chumvi ya mfuko, unakuwa umeandaa tenki la karantini, la kumtenga kwanza, lenye chumvi inayokaribia hiyo, unafungua na kumhamisha haraka bila yale maji yake.

Nimesema karantini na wengi hapo ndo wanaruka. Hebu nieleze kile kilichotokea kwa yule wa madoa meupe. Kimelea kinaitwa Cryptocaryon irritans. Kile kidoa unachokiona kwenye pezi, cheupe ukubwa wa chembe ya chumvi, ni kimelea kimoja kimejichimbia chini ya ngozi kinakula. Baada ya siku 3 hadi 7 kinashiba, kinatoka chenyewe, kinaanguka mchangani au kwenye jiwe kinajifungia kwenye kifuko. Hapo samaki anaonekana amepona, mwenyewe anasifia kitunguu saumu alichochanganya kwenye chakula. Ndani ya kile kifuko kimelea kinajigawa kinakuwa watoto wengi, mara nyingi mamia, wanatoka usiku kutafuta samaki, na samaki wapo pale kwenye lita mia hawana pa kwenda. Baharini wengi wa hao watoto wangekufa bila kukutana na mtu. Mzunguko wa pili au wa tatu vipo kwenye matamvua na hapo anakata pumzi.

Dawa inayotumika sana ni shaba, na shaba inaua kamba, konokono na matumbawe, na mawe yanainyonya, kwahiyo haiwezi kutiwa kwenye tenki kuu. Ndo maana kunakuwa na tenki la pembeni, tupu, halina mchanga wala mawe, kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia na sponji iliyokaa miezi kwenye filta ya tenki kuu iwe imeshajaa bakteria. Samaki wote wanahamia huko mwezi mzima hivi kwa shaba inayopimwa mara kwa mara, na tenki kuu linabaki bila samaki hata mmoja mpaka vifuko vyote vitoe watoto na watoto wafe kwa njaa. Kipimo wanachokitumia wafugaji wengi ni siku 76, kwa sababu kuna vifuko vinavyochelewa sana. Ukirudisha siku ya 40 kwa kuwa tenki linaonekana pweke unaweza kuwa umeanza upya. Kukaa karantini wiki 4 mpaka 6 kabla samaki mgeni hajaingia ni muda mfupi kuliko huo. Na kuna wengine kama Amyloodinium, ule unaoonekana kama vumbi la dhahabu ngozini, ambao unaweza kumaliza tenki ndani ya siku chache, kabla hata hujasoma ni nini.

Matumbawe ningeyaacha miezi ya kwanza. Yale laini kama uyoga na ya ngozi yanavumilia, yale magumu ya matawi yanajenga mifupa kila siku yanavuta kalsiamu na alkaliniti, ile inayoishikilia pH isianguke, toka kwenye maji, inabidi upime na kurudisha, kalsiamu iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, alkaliniti kwenye 8 au 9 kwa kipimo chake cha dKH, na kuyumba kwa alkaliniti kunayaudhi kuliko namba yenyewe kuwa 8 au 9. Anemoni ndo wa mwisho kabisa, wengi wanashauri tenki lifikishe karibu mwaka, anatembea akikosa pa kumpendeza na akiingia kwenye pampu anakatikakatika na kuharibu maji yote.

Kazi ya kila wiki baada ya tenki kutulia sio nyingi, kubadilisha kama asilimia 10 ya maji, kufuta kioo, kumwaga kikombe cha skima, kupima vitu vitatu vinne na kuandika. Shida inakuja ukisafiri. Mtu unayemwachia tenki usimwachie kopo la chakula, mfungie kwenye vipakti, kimoja siku moja, kopo ulifiche, na umwonyeshe ndoo ya maji yasiyo na chumvi na alama kwenye kioo ya kujazia. Samaki mkubwa aliyeshiba akikosa kula siku mbili tatu hapati shida yoyote, lakini mtu mwenye huruma akiona wanamfuata kwenye kioo atawatilia tena na tena, na chakula cha wiki kikiingia kwa siku moja hakuna idadi ya bakteria itakayokimudu.